Foto ya Mutuelle na Kitovu cha Mukamwana Wangu

Nimepigwa foto mara chache maishani mwangu, na kila mara nilitoka vizuri. Hata kwenye mazishi ya mume wangu nilitoka vizuri. Wakwe wenyewe walisema nililia kwa heshima. Lakini hakuna foto niliyotoka vizuri kama ile ya mutuelle ya afya. Nimekaa katikati kama bibi ya gavana. Mikono ya blauzi imefura kama mandazi yaliyotoka sasa hivi mafutani, kitambaa cha kichwa kimesimama, kinataka kugusa dari ya sale ya paroisse, ukumbi ule wa parokia. Nyuma yangu mutoto wangu mwanaume, seremala, na shati la kikwembe hichohicho, kitenge cha blauzi yangu. Mbele yangu wajukuu wanne, kikwembe hichohicho, hata yule mudogo ambaye alikuwa analia tulimushonea kaputula. Mutu akiiona anasema: hii sasa ni familia.

Mutu mumoja tu hayumo. Mukamwana wangu, yule bibi ya mutoto wangu, alikuwa nyumbani anachunga maharagi motoni. Nilimuacha mimi. Si kwa uchawi wala kwa chuki kubwa, musianze kunihukumu kabla sijafika huko. Nilimuacha kwa sababu kikwembe kiliisha.

Ilikuwa hivi. Padri alitangaza kwenye misa kwamba kila nyumba iingie katika mutuelle. Alieleza vizuri, kwa sauti ile ya kusomea majina ya wachumba. Kila mwaka kila mutu wa nyumba anatoa mchango wake, michango yote inakaa pamoja, na mutu akigonjwa mutuelle inalipa sehemu kubwa hospitali, yeye analipa kidogo. Mimi nilielewa mara moja. Ni likelemba, ule mchezo wetu wa kupeana pesa kwa zamu. Tofauti ni moja: katika likelemba kila mutu anapata zamu yake, lakini humu zamu ni ya yule aliyegonjwa, na wazima wanarudi nyumbani mikono mitupu na wanatakiwa kumushukuru Mungu. Mwaka ule wote mimi sikushikwa hata na mafua. Niliona nimeibiwa.

Sasa, kwa kupunguza gharama, mutuelle yetu haikutaka foto ya kila mutu. Foto moja kwa nyumba moja, watu wote ndani, inabandikwa kwenye karti. Mukiniambia mimi foto ya familia, nasikia uniforme, sare ya watu wote. Kwetu harusi ni uniforme, komuniyo ya kwanza ni uniforme, matanga ni uniforme. Je, karti ambayo waganga wataiangalia mwaka muzima tuiendee na nguo za kufagilia? Nilinunua kikwembe cha yadi kumi na mbili, cha maua ya njano, nikapeleka kwa fundi wa avenue yetu. Alipima, akakata, akakuna kichwa.

"Maman, kitambaa kinaenea bantu bote, kama tunafanya mikono ya kawaida na hatuweke kitambaa ya kichwa."

"Mikono ya kawaida ni ya bantu ya kawaida," nikamujibu. "Furisha hii mikono."

Akaifurisha. Na kitambaa cha kichwa akakikata pia. Kilichobaki kwa mukamwana kingetosha kufunga mukono uliovunjika.

Asubuhi ya foto nilimuambia, "Wewe utapigwa siku ingine. Mutu lazima achunge maharagi." Aliniangalia. Yeye ni mutu wa Bunyakiri, hasemi ovyo. Anakuangalia mpaka wewe mwenyewe unajisikia unaongea sana. Kisha akasema tu, "Muende, maman. Maharagi hainaka shida na mimi."

Kwenye sale ya paroisse, dada wa mutuelle, mugeni ambaye hakujua nyumba zetu, alituhesabu kwa kidole. Mutoto wangu alianza, "Maman, na mama ya batoto?" Nikamukanyaga mguu.

"Nyumba yote iko hapa?" akauliza dada.

"Yote," nikasema, na nikanyosha shingo kwa foto.

*

Kitovu cha mukamwana kilikuwa kimetokeza tangu uzazi wa ine. Sisi wanawake tunajua vitu hivyo. Mutu anafunga kikwembe vizuri, maisha yanaendelea. Kilikuwa kama yai la bata chini ya nguo. Na kila siku yeye ndiye alishuka bondeni kwenye robine na kupanda na bidon ya litre makumi mbili kichwani, maana kwetu Kadutu maji yanapenda kukaa chini na watu wanapenda kujenga juu.

Siku moja, miezi mine baada ya foto, aliinama kwenye mbabula, jiko letu, kutia makala na hakuinuka. Alibaki ameinama vile, jasho linamutoka, anasema polepole, "Maman, ngoja. Ngoja kwanza." Mutu asiyesema ovyo akisema ngoja mara mbili, usingoje. Tulimupeleka centre de santé, zahanati ya karibu. Muganga pale, mwanamuke mwenye miwani na haraka, alimulaza, akamubonyeza, kitovu kikarudi ndani kidogo na maumivu yakapoa.

"Hernie," akasema. "Utumbo njo inasukuma kitovu inje. Inatakiwa kupasuliwa, hospitali kubwa ya Ibanda. Hapana leo, lakini hapana mwaka kesho. Asibebe kintu ya uzito. Na siku hii kitovu ikikuwa ngumu na ikabadilika rangi, ikakataa kurudia, musianze kuuliza bantu. Mukimbie. Ile inauaka muntu." Kisha akauliza swali lililonifurahisha. "Muko na mutuelle?"

Nilikuwa nangoja swali hilo miezi mine. Nilichomoa karti kifuani kama padri anavyotoa komuniyo. Muganga aliiangalia. Akamuangalia mukamwana kitandani. Akairudilia karti, akaisogeza kwenye dirisha, akavua miwani.

"Maman, huyu mama iko wapi humu ndani?"

"Siku ile alikuwa anachunga maharagi."

"Aa," akasema, na akanirudishia karti yangu nzuri. "Basi maharagi njo itamulipia."

Mukamwana alikuwa anasikia yote. Alifunga kikwembe chake, akashuka kitandani, akaniomba mukono kwa sababu alihitaji mukono, si kwa sababu alinisamehe.

*

Mimi niliishia darasa la tatu, lakini sikuishia akili. Nilijiambia mutuelle siyo mulango peke yake duniani. Serikali je? Redio inasema kila siku serikali inataka kila raia atunzwe. Nami ni raia. Karti ya kupiga kura niko nayo, hata humo nilitoka vizuri.

Nilienda kwenye biro moja ya watu wa afya. Nilikaa kwenye bao la kungojea asubuhi muzima, karibu na kartasi ukutani yenye picha ya mwanamuke anayecheka na mutoto muchanga. Nikaona, hapa sasa ni kwetu. Mama wa nyuma ya meza alinisikiliza vizuri, ana adabu, siwezi kumusingizia.

"Huyu mukamwana iko na mimba?"

"Hapana. Iko na kitovu."

"Kama angekuwa na mimba tungemusaidia. Kuzala ni bure sasa, mu hospitali zenye serikali ilichagua. Kuzala, kupasuliwa kwa kuzala, na kutunza katoto. Hernie haiko ndani."

"Kwa hiyo apate mimba kwanza?"

"Maman, hapana, na hernie ile mimba itamuumiza."

Basi mukaona. Serikali yetu inampenda mwanamuke kabisa. Inampenda tangu mimba mpaka kitovu cha mutoto kikatwe. Kitovu cha mutoto kiko na haki zake. Kitovu cha mama, huyo mama ajitafutie. Nikauliza kama hakuna kitu kingine cha serikali. Akasema walimu wana mutuelle yao, wanakatwa kwenye mushahara. Mutoto wangu anatengeneza meza ambazo walimu wanaandikia. Hiyo haihesabiwi.

Nilishuka kwa miguu mpaka kwa mukwe wangu, bwana ya binti yangu. Yeye ni mutu wa biro, anakaa Ibanda karibu na ziwa, nyumba yenye majani yanayokatwa kwa mashine. Kampuni yake imewaingiza kwenye asiransi, bima ya binafsi. Karti yao ni ngumu, inang'aa, ukiianguisha chini inalia. Hakuna foto ya familia pale. Kila mutu na karti yake, foto ndogo kama stempu. Nilimuambia mukwe wangu anieleze kama anavyomueleza mutoto. Akachukua kalamu na kartasi, maana watu wa biro hawawezi kusema bila kuchora.

"Maman, kampuni inalipia mimi, bibi yangu na batoto yangu. Tunaitwaka wenye haki. Hapa ni mwisho." Akachora muduara.

"Na mimi mama mukwe, niko wapi?"

Akaweka alama moja inje ya muduara, mbali kidogo.

"Niliyekuzalia bibi siko mwenye haki? Na bibi ya shemeji yako?"

Akaweka alama ya pili, mbali zaidi, karibu itoke kwenye kartasi. "Kontrat njo inasema vile, maman. Si mimi."

Ni mutu muzuri, mukwe wangu. Aliona uso wangu, akanipandisha kwenye gari mpaka kwenye biro ya asiransi yenyewe, labda tunaweza kumununulia mukamwana asiransi ya mutu mumoja. Mule ndani kulikuwa na baridi ya kutosha kuchunga samaki wasioze. Bwana mumoja mwenye tai alitupa maji ya chupa kabla hatujaomba, hapo nilianza kuogopa. Aliuliza umri wa mukamwana, kazi, amezaa mara ngapi, wazazi wake walikufa na nini. Nilidhani anataka kumuposa. Mwisho akauliza kama sasa ana ugonjwa wowote.

"Njo maana tumekuja," nikasema. "Iko na hernie."

Akaweka kalamu chini taratibu. Akaeleza kwamba wanaweza kumupokea kwa furaha, ila ugonjwa uliokuwepo mbele ya kontrat hawaulipii.

"Nisikie vizuri, papa. Mutamutunza macho?"

"Ndiyo, maman."

"Meno?"

"Kama iko mu kontrat, ndiyo."

"Akivunjika mguu?"

"Bila shaka."

"Muko tayari kumutunza kila ugonjwa, isipokuwa ule alio nao."

"Kwa maneno mengine..." akaanza.

"Hayo yangu yanatosha," nikasema, na nikamaliza maji yake.

*

Jioni ile binti yangu alinisindikiza mpaka kwetu, na jikoni akasema kile ambacho kila mutu alikuwa anafikiri. Yeye na wifi yake ni urefu mumoja, rangi moja, wote wana uso wa duara. Kwenye foto ndogo kama stempu ni nani ataona? Mukamwana aende hospitali na karti ile ngumu ya wifi yake, ajiite jina la wifi, apasuliwe, arudi. Wengi wanafanya hivyo.

Sitajitakasa hapa. Mimi niliona ni akili. Hata nilianza kumufundisha mukamwana tarehe ya kuzaliwa ya binti yangu. Mukamwana alikuwa amekaa kwenye kiti, anachagua lengalenga, mboga ya jioni, kazi pekee tuliyomuachia. Aliacha kuchagua.

"Maman, na kama ninakufa pale juu ya meza?"

"Hutakufa."

"Kama ninakufa. Batamuzika nani?"

Binti yangu akaangalia karti yake.

"Bataandika kama ni yeye njo alikufa," mukamwana akasema, akimuonyesha wifi yake na jani la lengalenga. "Karte ya kifo, jina yake. Musalaba, jina yake. Batoto yangu bataleta maua ku kaburi ya shangazi yao, na shangazi yao atakuwa pembeni analia pamoja nabo. Hapana. Mule mu foto siko, sawa. Lakini mu kaburi yangu, niache niingie mimi."

Halafu akaendelea na lengalenga.

Miaka kumi na moja yuko nyumbani mwangu. Sijawahi kumusikia akisema maneno mengi hivyo mara moja. Na hakunitukana hata mahali pamoja, hiyo ndiyo iliniuma. Angenitukana ningejua la kujibu, niko hodari kwa hilo.

Binti yangu aliondoka na karti yake mukobani. Mimi nilibaki naangalia mbabula. Ulibaki mulango mumoja tu, na huo niliufunga mimi mwenyewe, na kitambaa cha kichwa.

*

Kumuingiza mukamwana katika mutuelle si kazi ndogo, kwa sababu mutuelle inaandika watu miezi ya mwanzo wa mwaka tu. Ugonjwa nao unatakiwa ujue kalenda. Nilimuuliza papa mwalimu, muzee wa pansio anayeandika kazi zote za shirika letu, lile kundi la jirani tunalosali pamoja kila juma. Yeye ndiye aliye na kitabu cha sheria za mutuelle. Alinisomea akifuata na kidole.

Nyumba inaingia nzima au haiingii. Mutu akigunduliwa alifichwa, karti ya nyumba yote inasimama. Lakini mwenye nyumba akija mwenyewe, akasema kosa lake mbele ya shirika lake, na shirika likashuhudia kwamba yule mutu ni wa nyumba hiyo kweli, wanaweza kuandikwa upya bila kungoja Januari. Ila nyumba yote inaanza upya pia ile miezi mitatu ya observation, ya kuchunguzwa. Miezi mitatu hakuna anayelipiwa kitu, hata mutoto akishikwa na malaria.

"Kwa hiyo koko," akasema papa mwalimu, akiniita nyanya kama wajukuu wangu, "ukinyamaza, bantu sita biko na kinga mpaka mwisho wa mwaka, na yeye angoje Januari, na kisha miezi tatu tena. Ukisema, muko wote saba inje, miezi tatu. Kisha muko wote saba ndani."

"Na kusema ni lazima mbele ya shirika?"

"Kitabu njo inasema."

"Hakuna kusema mbele ya padri, kwa siri?"

"Ile ni zambi, koko. Hii ni mutuelle."

Nilihesabu miezi kwa vidole. Muganga alisema hapana mwaka kesho. Nikamuambia papa mwalimu aniandike kwenye mambo ya Jumapili.

Jumapili shirika lilikutana kwa présidente wetu. Huyu mama na mimi tuligombania kiti kimoja cha mbele kanisani tangu wakati ambapo wote tulikuwa na viuno. Nilienda na nguo ya kawaida. Baada ya Injili na maombi papa mwalimu akasema, "Koko iko na neno."

Nikasimama. Nikasema nilipoulizwa kama nyumba yote iko pale nilisema yote, na haikuwa yote. Nilimuacha mukamwana wangu. Sasa ana hernie, na ninaomba shirika limushuhudilie.

Kisha présidente, kwa sauti tamu kama asali yenye nyuki ndani:

"Aa, njo vile! Ile foto niliionaka. Nilifikiri mukamwana alirudiaka kwabo Bunyakiri."

"Hakurudia. Alikuwa anachunga maharagi."

"Na juu ya nini asingekuja? Hakukuwa jirani wa kuchunga maharagi?"

Ningeweza kusema alikuwa mugonjwa. Ningeweza kusema alikataa. Watu wengi wanakufa na adabu yao kamili kwa uongo mudogo kama huo. "Kitambaa hakikuenea," nikasema. "Nilifurisha mikono."

Mama mumoja nyuma akapasuka kucheka. "Koko, ile mikono peke yake ingeenea bantu babili!"

"Na kitambaa ya kichwa," akasema mwingine. "Mule kulikuwa rinda muzima!"

Walicheka mpaka présidente akafuta macho na ncha ya kikwembe. Nami nikabaki nimesimama, kwa sababu sikujua kama nimemaliza. Walipochoka, yeye ndiye aliinua mukono wa kwanza kushuhudia. Aliniangalia moja kwa moja. "Namujua. Ni wa nyumba yake. Njo anamupikia, anamufulia, na anamuvumilia. Andika, papa mwalimu."

Ile ya mwisho papa mwalimu hakuiandika. Mimi niliisikia.

*

Kesho yake nilirudi kwa fundi na blauzi yangu. "Fumua mikono," nikamuambia. Akanitazama kama nimemuambia afumue kengele ya kanisa. Kutoka kwenye mikono na kitambaa cha kichwa alipata blauzi nzima ya mukamwana, na kikabaki kipande cha kufunga nyweleni. Blauzi yangu mimi ikabaki bila mikono, na mwanamuke wa umri wangu haonyeshi mabega paroisse. Kwa hiyo siku ya foto ya pili nilivaa swetere langu la kijivu, lile la kuuzia sambaza, samaki wadogo wa ziwa, sokoni. Mukamwana tulimukalisha katikati. Alitaka kukataa, mume wake akasema, "Kaa tu, mama ya batoto, asije akabadilisha akili." Mutoto wangu huyu, siku anayosema, anasema.

Kisha ikaanza ile miezi mitatu. Mutuelle iliiita observation, na kweli nilichunguzwa, na avenue yote. Maana nani alishuka bondeni kila asubuhi na bidon? Mimi. Mutoto wangu anatoka mapema kwenda kwenye atelye yake ya useremala, wajukuu wako shuleni, na kitovu kile hakikuwa cha kubeba hata bakuli. Nilibeba nusu bidon, nikarudi mara ya pili kwa nusu ya pili. Vijana wa taxi-moto kwenye kona walinipigia honi.

"Koko, umeolewa upya? Bamekuweka ku maji?"

"Ndiyo! Bamenioa ku Bunyakiri!"

Mukamwana alikaa mulangoni na kiti chake. Mwanzoni aliona haya. Juma la tatu haya ilikwisha. "Maman, bidon ya leo haijajaa." "Maman, majani ya sombe haikupondwa vizuri." Nilijua sauti hiyo. Ilikuwa yangu, nilimufundisha mwenyewe miaka kumi na moja.

Mara moja tulipata hofu ya kweli. Saa tisa za mchana alikohoa, na kitovu kikatoka kikawa kigumu kama jiwe la mto. Nilimulaza chali kwenye mukeka, magoti juu, kama muganga alivyotuonyesha, nikaweka mukono wangu pale na nikangoja. Viatu vyangu nilikuwa nimeshavua ili nikimbie vizuri. Sikuomba sala yenye maneno mazuri. Nilisema, "Rudia ndani, wewe kitu, rudia ndani, nimekwisha kupigwa foto bila mikono, unataka nini tena?" Nikasikia kikilainika chini ya kiganja, polepole, kikaingia. Mukamwana alifungua macho na akaona miguu yangu.

"Maman, viatu yako iko wapi?"

"Nyamaza," nikasema. Nilikuwa nalia, na si kwa heshima.

*

Siku ya miezi mitatu na siku moja, maana sikutaka mutu anihesabie vibaya, tulipita kwanza centre de santé. Hilo nawaambia wote walio na mutuelle: musiruke moja kwa moja hospitali kubwa kama watu wa karti ngumu. Bila kartasi ya transfert, ya kutumwa mbele na centre, mutuelle yenu ni foto tu. Yule muganga wa miwani aliandika transfert, akaiangalia karti mpya kwenye dirisha, akasema, "Aa. Maharagi imeiva."

Hospitali ya Ibanda, kwenye dirisha la kuingilia, kijana wa ordinateri, kompyuta ile, alichukua karti na kartasi. Alimupata mukamwana mara moja, katikati ya foto, na maua yake ya njano. Akahesabu wengine kwa kalamu. Akafika pembeni, akasimama.

"Na huyu koko wa swetere, bila uniforme, naye ni wa nyumba hii? Ao alipita tu wakati banapiga foto?"

Nikavuta pumzi nimupe jibu lake. Mukamwana, aliyekuwa amekaa kwenye bao na kifurushi magotini, akanitangulia.

"Ni wetu," akasema. "Siku ile kitambaa hakikuenea."

Kijana akapiga mhuri.

Walimupasua kesho yake asubuhi, kwa jina lake. Alipotoka alikuwa na usingizi mwingi na kitovu kilicholala chini kama cha mutu mwingine. Daktari alituambia asibebe kitu kizito, hata bidon ya maji, majuma sita. Mukamwana alikuwa bado na dawa za usingizi, ulimi muzito, macho nusu. Lakini hilo la majuma sita alilisikia vizuri kabisa, na akageuza kichwa kwenye muto wa kulalia ili aone uso wangu.